Si Kazi ya Mama

Shuleni, Kilolo
11 Februari 2024

Mpendwa Shangazi Bertha,

Shikamoo. Natumaini huko Mbeya cherehani inazunguka na mguu wako umepoa. Huku Kilolo naendelea vizuri, ila ukungu tu. Asubuhi tukisimama mstarini hatuonani nyuso. Kidato cha pili ni kigumu, hasa Fizikia, lakini nakaza.

Shangazi, kwenye barua yako ya Krismasi uliniuliza tena lile jambo. Ulisema nina miaka kumi na mitano sasa, na wenzangu wote walishapita hapo. Basi nakujulisha kwamba limetimia. Nimekua. Ilikuwa wiki iliyopita. Sijamwambia mtu mwingine, kama ulivyoagiza.

Samahani barua ni fupi, matroni anazisoma zote kabla hazijatoka.

Mwanao,
Lea Ambrosi


Mbeya
20 Februari 2024

Kamwene mwanangu Lea,

Barua yako imenikuta kwenye cherehani, nikaacha gauni la watu lina mkono mmoja nikapiga vigelegele peke yangu. Jirani akachungulia kuuliza nani anaolewa. Nikamwambia haolewi mtu, nimepata mwanamke mwenzangu katika ukoo.

Sasa nisikilize. Kwetu mambo haya hayasemwi na mama. Mama yako alikuzaa, akakunyonyesha, akakufunga mgongoni. Kukufunda si kazi yake, ni yangu mimi dada wa baba yako, kama shangazi yangu alivyonifunda mimi na wake alivyomfunda yeye. Nimempigia wifi simu nikamwambia neno moja tu, "Mtoto ni wangu sasa." Ameelewa. Hatakuuliza kitu na wewe usimwambie kitu. Baba yako ndiyo usimguse kabisa na habari hizi. Ukiwa na shida yoyote ya mwili, mlango ni mmoja, nao ni mimi.

Usafi najua unaujua. Wavulana, ukae nao mbali, maana mtoto akitaka kuja hasubiri cheti cha kidato cha nne. Na tumbo litakukata. Usilielie mbele za watu. Tumbo hilo tumelibeba wanawake wote, linakuja na linaondoka.

Nimekununulia khanga, nzuri mpaka wauzaji wamenionea wivu. Naituma na basi.

Shangazi yako anayejivunia,
Bertha


Mbeya
24 Februari 2024

Lea, rafiki yangu mwenyewe,

Sitaanza na "natumai u mzima kama mimi" kwa sababu nina hasira. Tangu darasa la tatu pale Iringa tunakaa dawati moja, tumegawana maandazi, baba kahamishia duka Mbeya bado nakuandikia, halafu habari zako nazipata kwa shangazi yako!

Alikuja dukani Jumanne. Baba alikuwa kwenye simu, nikamhudumia mimi. Alinishusha khanga zote za rafu ya juu. Kila moja anaigusa, anaikunja, anaitazama mwangani, anasema, "Hii haimfai, hii ni ya bibi kizee." Mwisho akachukua ile nyekundu yenye korosho nyeusi, akaikumbatia. Akaninong'oneza, "Ni ya Lea wetu. Amekuwa mtu mzima." Machozi yalimlengalenga, Lea. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia.

Mimi nilipoanza nilikuambia siku ile ile, na nilikuwa na miaka kumi na moja, naogopa nakufa. Mama yangu alinikalisha kitandani akanieleza kila kitu mpaka nikaziba masikio. Kwa hiyo niambie na wewe. Ilikuwaje? Uliogopa?

Rafiki yako aliyenuna,
Taslim


Kilolo
3 Machi 2024

Taslim mpenzi,

Barua hii haipiti kwa matroni. Nimempa Mzee Jailos wa lori la mbao, yeye ataishusha dukani kwenu. Ukimaliza kusoma ichome jikoni.

Haijawa. Sijaona chochote. Nimemdanganya shangazi.

Usinicheke. Bweni letu tuko wanne tu ambao bado, na wengine watatu ni watoto wa kidato cha kwanza. Wasichana wananiita Baba Lea. Mtu akiingia bafuni nikiwa ndani anasema, "Karibu kaka." Nikaanza kuwaambia na mimi nimeanza, nikaomba pedi kwa Isakwisa, msichana wa kitanda cha pili, mbele za watu ili waone. Sasa shangazi naye kila barua anauliza, kila barua, mpaka nikaanza kuogopa bahasha zake. Nikaona nimwambie tu apumzike, na mimi nipumzike.

Si uongo mkubwa. Itakuja tu, halafu uongo utakuwa kweli na hakuna atakayejua. Naona hata imekaribia, maana tangu Novemba tumbo linanikata kila mwezi, siku mbili tatu, chini kabisa, halafu linaacha. Halileti kitu.

Khanga imefika. Ni nzuri mno. Nimeificha chini ya begi, naona aibu kuivaa.

Sasa apa. Wewe mwenyewe uliniambia kwenu mtu akiapa kwa msahafu harudi nyuma. Apa kwamba hutamwambia shangazi, wala mama yako, wala mtu.

Wako,
Lea


Mbeya
9 Machi 2024

Naapa. Nimeweka mkono juu ya msahafu, mlango nimefunga, mama alikuwa anakaanga sambusa. Umeridhika, Baba Lea?

(Ninatania. Usinune.)

Taslim


Kilolo
12 Mei 2024

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Ulisema nikiwa na shida nije kwako.

Shangazi, ni tumbo. Ulisema linakuja na linaondoka. La kwangu linakuja, lakini likiondoka linabaki nusu. Mwezi huu nilishindwa kwenda darasani, nikalala sakafuni kwa sababu saruji ni baridi. Mgongo nao unauma. Kwenda haja ndogo pia kuna shida, nakaa muda mrefu. Na wewe ilikuwa hivi?

Matroni, samahani kama umesoma hii.

Mwanao,
Lea


Mbeya
19 Mei 2024

Kamwene Lea,

Pole mwanangu. Ilikuwa hivi hivi! Mimi wa umri wako nilikuwa natambaa kwa magoti mpaka kwenye migomba, bibi yako akinitupia maneno kwamba najidekeza. Ni damu ya ukoo wetu, tumbo letu lina hasira. Ukizaa mtoto wa kwanza linatulia.

Chemsha tangawizi, unywe ikiwa ya moto. Jaza maji ya moto kwenye chupa ya soda, uifunge na nguo, uiweke tumboni. Kaza moyo. Na usikimbilie zahanati ya hapo shuleni. Wale wauguzi ni watoto, midomo yao haina kifuniko, kesho utajisikia bwaloni kama tangazo. Huo si ugonjwa. Mwanamke hapelekwi hospitali kwa kuwa mwanamke.

Jambo moja tu unijibu: kila mwezi unaona sawasawa?

Shangazi yako,
Bertha


Kilolo
26 Mei 2024

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Ndiyo, naona sawasawa. Tangawizi imesaidia. Asante.

Mwanao,
Lea


Kihesa, Iringa
16 Juni 2024

Taslim,

Niko nyumbani, likizo. Baridi ya mwaka huu inatafuna mifupa. Baba yuko kwenye vikao vya wazee wa kanisa, mdogo wangu Anjela ametimiza miaka kumi, anajiona mkuu wa mkoa. Yeye ndiye atakayepeleka barua hii stendi.

Nakuandikia kwa sababu ya mama. Unajua mimi nafua nguo zangu mwenyewe tangu darasa la tano. Juzi nimeamka nimekuta mama amezibeba zote mpaka bombani, mashuka na nguo za ndani. Nikasimama mlangoni. Anafua moja, anaigeuza, anaitazama, anaifua tena wakati imeshatakata. Alipomaliza kuanika akaja mpaka nilipo, karibu kabisa, akafungua mdomo. Nikajua anajua. Taslim, nilitaka aulize. Nilikuwa nimeshaandaa na machozi.

Akasema, "Kuku umewapa maji?"

Nikasema bado. Akaniambia nikawape.

Usiku tumbo likianza namsikia ananyanyuka chumba cha pili. Anachemsha maji, anaacha bakuli nje ya mlango wangu, anarudi kulala. Hagongi.

Na kuna kitu kingine. Nikilala chali nikigusa chini ya kitovu kuna kitu kigumu. Mwaka jana hakikuwepo. Sketi ya shule haifungi kishikizo cha juu. Nimejiambia ni ugali wa nyumbani, lakini sina hamu hata ya kula.

Mimi nina nini?

Lea


Mbeya
22 Juni 2024

Lea,

Sijui. Na sipendi.

Nilimuuliza mama kwa ujanja, nikasema kuna msichana darasani kwetu. Aliacha kupika kabisa. Akasema, "Huyo msichana aende hospitali leo, si kesho." Halafu akaniangalia mimi tumboni, ikabidi nikimbie.

Mwambie shangazi yako ukweli. Atagomba siku moja, ataishia. Mimi siwezi kumwambia, umenifunga mikono mwenyewe. Jana alikuja kununua uzi, akanisalimia vizuri, akaniuliza, "Lea anakuandikia?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mtoto yule hanifichi kitu." Nilikata uzi vibaya, baba akanigombeza.

Nifungue, Lea. Tafadhali.

Taslim


Mbeya
14 Julai 2024

Lea,

Sikusalimii.

Kaka Ambrosi amenipigia simu usiku. Mwanaume yule tangu tumzike baba hajalia, amelia kwenye simu. Mkuu wa shule amemwita, amempa mtoto wake na begi lake, na maneno matamu kwamba siku hizi serikali ina huruma, ukishajifungua utarudi darasani. Ukishajifungua! Wasichana wote wamepimwa mimba waliporudi kutoka likizo, na wewe peke yako ukakataa kutoa mkojo. Kikopo kikavu. Unadhani kikopo kikavu hakisemi? Matroni akakushika tumbo, likasema lenyewe.

Mimi ndiye niliyeambiwa, "Bertha, ulimfunda nini huyu?" Mimi! Nilikuambia mtoto hasubiri cheti. Nilikuambia mlango ni mmoja. Mwezi wa tano ulinililia tumbo, nikakupa tangawizi kama mjinga, kumbe ulikuwa unanipima kama najua. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu, na mficha mimba humuumbua kitovu.

Simu baba yako kakunyima, ndiyo maana naandika. Nataka jina. Baba yako anataka jina, na polisi watataka jina. Mtaje, nikusaidie nikiwa bado na moyo wa kukusaidia.

Bertha


Kihesa
18 Julai 2024

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nakuomba usome mpaka mwisho.

Sikukataa kutoa mkojo. Ulikuwa hautoki. Walitupanga nyuma ya maabara na vikopo, wenzangu wakamaliza wakaondoka, mimi nikabaki nimechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi. Nilikunywa maji mengi nikidhani yatasaidia, yakaongeza maumivu. Matroni akasema, "Usiyetaka kupimwa umeshajipima." Akanilaza, akanibonyeza. Nililia kwa uchungu, akasema nalia kwa aibu.

Sina mimba. Sijawahi kukutana na mwanaume. Na kuna jambo baya zaidi: sijawahi kuona damu. Februari nilikudanganya. Kila uliponiuliza nilikudanganya. Niliona haya kwa sababu wenzangu wote walikuwa wameshaanza.

Nipeleke hospitali yoyote. Baba hataki, anasema hospitali ni kwenda kujitangaza. Anauliza jina asubuhi na jioni, na mkanda uko juu ya meza. Mama anakaa jikoni.

Mwanao, ukinikubali,
Lea


Mbeya
23 Julai 2024

Lea,

Njia ya mwongo ni fupi, na yako imefika ukutani. Februari ulikua. Mei ulikuwa unaona sawasawa, kwa mkono wako. Leo tumbo limetoka ndipo hujawahi kuona hata tone! Hivi unadhani mimi nilizaliwa jana? Msichana ambaye hajakua hana mimba, hiyo ndiyo hesabu uliyokaa ukapiga. Ni akili, sikatai. Ungeitumia kwenye Fizikia.

Ningekuamini ungeniambia hivyo kabla. Sasa nani atashuhudia?

Nimeongea na kaka. Wiki ijayo anakuleta huku kwangu, ukae ndani mpaka mambo yaishe, watu wa Kihesa wasikuone. Mimi ndiye niliyesema mtoto ni wangu, basi nitambeba. Ila hatakuleta bila jina. Hilo amekula kiapo.

Bertha


Kihesa
27 Julai 2024

Taslim,

Mwandiko mbaya, naandika nimelala ubavu.

Shangazi haniamini. Hata mimi ningekuwa yeye nisingeniamini. Usimwambie kitu sasa. Atasema nimekupanga, tena atakwenda kwa baba yako na wewe utapigwa.

Jana nimemtaja Dastan. Yule wa kwaya ya kanisani kwetu, anayeimba besi, aliyekuwa anatusindikiza wote mpaka njia panda baada ya mazoezi. Hajawahi hata kunishika mkono. Baba aliuliza, nikasema hakuna, akauliza, nikasema hakuna, halafu jina likanitoka tu kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Mara ile ile mkanda ukakoma. Mama alitoka jikoni akanitazama, akarudi.

Usiku polisi walimchukua kwao. Anjela anasema mama yake Dastan alikuja kupiga magoti kwenye ua wetu. Kumpa mimba mwanafunzi ni jela miaka thelathini, Taslim. Ana miaka kumi na tisa.

Nilitaka kwenda kusema nimemsingizia. Nilifika mlangoni, nikashindwa kusimama wima.

Jumanne asubuhi baba ananipandisha basi kuja kwenu. Mkojo tangu jana ni matone. Nikifika nitapita karibu na duka, unitazame.

Lea


Mbeya, dukani
Jumanne, 30 Julai 2024

Lea,

Nimevunja kiapo.

Barua yako ilifika asubuhi hii na kondakta. Sikuwa nimeimaliza mara ya pili, shangazi yako akaingia. Akamwambia baba anataka kitambaa kipana, cha rangi isiyovutia macho, cha gauni la mgeni wake anayekuja leo kutoka Iringa. Lea, alikuwa anakununulia gauni la mimba. Baba akaniambia nipime. Nilishika kitambaa na mkasi, mkono ukakataa.

Nikasema mbele ya baba na wateja wawili: "Shangazi, usishone. Lea hajawahi kuona damu hata siku moja. Aliniambia Machi, kabla hajashukiwa na mtu. Na tumbo lilimuuma kila mwezi tangu Novemba." Baba akasema, "Taslim!" Sijawahi kumsikia na sauti ile. Sikunyamaza. Nilisema kuhusu kitu kigumu chini ya kitovu, nikasema mkojo ni matone, na kwamba Dastan hana kosa.

Mwanzoni shangazi yako alinijia juu, akauliza umenilipa nini. Halafu akauliza polepole, "Machi?" Nikasema tarehe tatu Machi. Akakaa juu ya jora la kitambaa. Akasema, "Nilimwambia anywe tangawizi." Akarudia tena na tena, si kwangu wala kwa baba.

Baba ndiye aliyemshika bega akamwambia, "Mama, piga simu." Alipiga. Baba yako alipokea. Sikusikia alichosema, ila nilimwona shangazi yako anasimama. Akatuambia mko Nyololo. Umeanguka ndani ya basi, mmeshushwa barabarani, hujitambui vizuri. Anamfokea baba yako, mtaa mzima unasikia: "Hospitali, Ambrosi! Si kwangu! Hospitali!"

Baba anampeleka huko kwa gari letu sasa hivi. Anasema niharakishe hii barua.

Kwetu ukivunja kiapo unafunga siku tatu. Naanza kesho. Naziona chache.

Taslim


Wodini, Iringa
8 Agosti 2024

Taslim wangu,

Nimeweza kukaa. Mrija wa mkojo wametoa jana.

Ya Nyololo siyakumbuki, nakumbuka tu kokoto na viatu vya watu, na baba ananibeba anakimbia. Wakati wote alikuwa anasema "mama yangu, mama yangu", kama mimi ndiye mkubwa.

Daktari ni mwanamke, ana sauti ndogo. Alinieleza mimi kwanza, halafu baba na shangazi. Anasema wasichana wachache huzaliwa njia ya kutokea damu imezibwa na ngozi nyembamba, na hakuna anayejua mpaka wakue. Damu yangu ilikuwa inakuja kila mwezi kama ya wenzangu wote. Haikuwa na pa kutokea. Ikajaa, ikasukuma kibofu, ikaanza kuoza. Walikata sehemu ndogo tu. Alisema ningeletwa mwaka jana ningerudi nyumbani siku ya pili. Sasa kama kizazi kimeharibika, hawezi kusema. Tutajua huko mbele, nikiolewa.

Umeona, Taslim? Siku ile namwandikia shangazi kwamba nimekua, nilikuwa nimekua kweli. Tangu Novemba. Nililala macho wodini nikilifikiria hilo, na sikuona cha kuchekesha.

Shangazi analala chini ya kitanda changu kwenye mkeka. Ananiosha, ananilisha, hasemi methali hata moja. Namkosa.

Baba alikwenda mwenyewe na karatasi ya daktari kumtoa Dastan. Nimemwandikia Dastan barua mbili. Anjela anasema amerudi kanisani, lakini haimbi, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Hajanijibu. Ana haki.

Mama hajaja. Kila siku anatuma uji kwa chupa.

Rafiki yako,
Lea


Kihesa
25 Agosti 2024

Wifi Bertha,

Kamwene. Ningeweza kupiga simu lakini kwa simu ningeshindwa.

Lea amefika salama na tunakushukuru. Anatembea mpaka bombani na kurudi. Mtihani wa mwaka huu hataufanya. Khanga uliyompa ameniomba nimtunzie; hajasema mpaka lini.

Wewe unajilaumu kwa ulichoambiwa. Nakuandikia ujue nilichokiona mimi. Likizo ya Juni nilifua nguo zake zote, makusudi. Nilitafuta kile ambacho kila mama anakijua, sikukikuta. Nilitafuta tena wiki ya mwisho, sikukikuta. Tumbo nililiona likipanda, na usiku nilimsikia akiuma shuka. Waliposema mwanangu ana mimba, mimi nilikuwa najua kuna kitu hakikai sawa, maana mwenye mimba hapati maumivu ya kuja na kwenda kama saa. Nilijua, wifi. Nikajiambia si kazi yangu, shangazi yake anajua zaidi. Wewe ulikuwa Mbeya. Mimi tulitenganishwa na ukuta wa matofali mabichi.

Siku alipomtaja yule kijana nilimtazama usoni nikajua anaongopa. Nikarudi jikoni. Mama yake Dastan nasali naye jumuiya moja. Hanipi mkono wa amani, nami siudai.

Hospitali sikuja kwa sababu nilijua nikifika Lea atanitazama kama alivyonitazama siku ile mlangoni, nikamuuliza habari za kuku.

Sasa nakuomba jambo, usikasirike. Anjela usije kumfunda. Uje tu ututembelee, uje na kicheko chako, hata khanga uje nayo ukipenda. Yale mengine nimeshayafanya. Jana kaka yako alipokwenda kanisani nilimkalisha Anjela jikoni nikamwambia yote, kuanzia mwanzo, damu na maumivu na lipi la kawaida na lipi la kukimbilia hospitali. Sikujua pa kutazama, nikawa natazama moto. Nilikuwa nanong'ona kama ninayeiba. Yeye wala! Alikuwa anamenya viazi na kuuliza maswali.

Mwisho akaniuliza, "Na dada Lea, mama, yeye ulimwambia lini?"

Lea alikuwa chumbani, mlango uko wazi.

Nilimtuma Anjela akalete kuni.

Wifi yako,
Juliana